Kweli iliyo nyuma ya vidonge vya "kutu ya ubongo": oksijeni, radikali huru na ugonjwa wa Alzheimer

Ukizunguka stendi za Mwanza, Nyegezi au Buzuruga, au ukienda mnadani upande wa Magu na Misungwi, hutakaa sana kabla ya kusikia kipaza sauti kikinadi vidonge vya kuondoa sumu na kutu mwilini. Orodha ya magonjwa yanayotibiwa huwa ndefu: presha, sukari, miguu kuwaka moto, nguvu za kiume, na siku hizi kusahau, ambako wanadai kunaletwa na "kutu ya ubongo". Mtu ambaye mama yake ameanza kuuliza swali lilelile mara tano kabla ya chai ya asubuhi husimama akasikiliza. Namwelewa kabisa. Kwingine ameambiwa "huo ni uzee tu, mvumilieni", na hapa kuna mtu anayemwambia dawa ipo.

Kinachonisukuma kuandika ni kwamba maneno ya muuzaji yule si uongo mtupu. Ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumpotezea mtu kumbukumbu, una majeraha yanayotokana na oksijeni, na majeraha hayo yamepimwa maabara kwa miongo kadhaa. Wataalamu huyaita matokeo ya msongo wa oksidisho. Kosa linaingia kwenye hatua inayofuata, pale mtu anapotoka kwenye "majeraha yapo" akarukia "basi meza hiki". Hatua hiyo imejaribiwa kwa maelfu ya watu, na majibu yake yanajulikana.

Oksijeni inayopotea njia

Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.4 hivi, yaani asilimia 2 ya uzito wa mwili. Hata hivyo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta tukiwa tumetulia. Seli za neva huwasiliana kwa umeme, na kila zinapotuma ujumbe hulazimika kuzirudisha chembe za sodiamu na potasiamu mahali pake. Kazi hiyo inakula nishati mchana na usiku, hata mtu akiwa usingizini.

Nishati yenyewe hutengenezwa ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli. Humo elektroni zilizotoka kwenye chakula hupokezanwa na protini, moja baada ya nyingine, na mwishoni kabisa oksijeni huzipokea ikawa maji. Kazi hii kwa kawaida huenda sawa, lakini elektroni chache huponyoka njiani na kudakwa na oksijeni kabla ya wakati wake. Oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada huitwa superoksidi, nayo ni mojawapo ya zile tunazoziita radikali huru: molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, na kwa hiyo zisizotulia. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa hoja kwamba radikali za namna hii ndizo zinazouzeesha mwili. Wengi hawakumtilia maanani, kwa sababu hawakuamini kwamba vitu vikali kiasi hicho vinaweza kukaa ndani ya seli hai.

Jibu lilikuja mwaka 1969. Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuigeuza superoksidi kuwa peroksidi ya hidrojeni, ileile inayouzwa famasi kwa kusafishia vidonda. Vimeng'enya vingine, yaani katalesi na glutathioni peroksidesi, huivunja hiyo peroksidi ikawa maji. Mwili usingejitengenezea ulinzi wa namna hiyo kama hatari isingekuwepo.

Lipo jambo jingine ambalo muuzaji wa stendi hulisahau, nalo litatuhusu sana mbele. Radikali si adui wakati wote. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza kwa makusudi ili ziue bakteria, na seli hutumia peroksidi kidogo kupeana ishara. Msongo wa oksidisho ni ile hali ambapo uzalishaji umeuzidi ulinzi, na majeraha yakaanza kulundikana kuliko yanavyokarabatiwa.

Mafuta ya dagaa na mafuta ya ubongo

Nenda Mwaloni, Kirumba, wakati wa mvua. Dagaa waliopata jua kali na kukauka kwa siku moja wana rangi ya fedha na harufu nzuri. Wale waliokosa jua, wakalala mchangani siku mbili tatu chini ya mawingu, hugeuka njano ya kahawia na kutoa harufu kali inayokaba koo. Mama mnunuzi mzoefu hahitaji kuambiwa; huchota kiganja kimoja, hunusa, huwarudisha. Bakteria wana mchango wao katika kuharibika huko, lakini ile harufu ya mafuta yaliyochacha ni kazi ya oksijeni.

Mafuta ya samaki yana omega-3, na molekuli za omega-3 zina vifungo maradufu vingi. Katikati ya vifungo hivyo kuna atomu za hidrojeni zilizoshikiliwa kilegelege. Radikali ikinyakua atomu moja, molekuli ya mafuta nayo inageuka kuwa radikali, inajiunga na oksijeni, kisha inanyakua hidrojeni ya jirani yake. Jirani anafanya vivyo hivyo. Mnyororo unaendelea mpaka kitu fulani kiukate, kwa mfano vitamini E, na mafuta yaliyokwisha kuharibika humeguka vipande vidogo. Vipande hivyo ndivyo vinavyonuka.

Sasa, sehemu kubwa ya ubongo ukiondoa maji ni mafuta, na mojawapo ya mafuta muhimu kuliko yote humo ni DHA, omega-3 ileile iliyomo kwenye samaki. Utando wa seli ya neva unaihitaji ili uwe laini na uweze kufanya kazi upesi. Kwa hiyo ubongo umebeba mafuta mepesi kuharibika, umeyaweka mahali panapopita oksijeni nyingi kuliko karibu popote mwilini, na juu ya hayo una madini ya chuma. Tangu mwaka 1894, Henry Fenton wa Cambridge alipoeleza jinsi chuma na peroksidi ya hidrojeni vinavyooksidisha kwa ukali vikikutana, kemia hiyo imefahamika: huzaliwa radikali ya hidroksili, kali kuliko zote, na mwili hauna kimeng'enya cha kuidaka. Katalesi ndani ya ubongo ni chache ukilinganisha na iliyomo kwenye ini. Na seli ya ini ikifa huzaliwa nyingine, wakati seli nyingi za neva tulizo nazo ni zilezile tulizozaliwa nazo.

Kimojawapo cha vipande vinavyobaki mafuta yakimeguka kinaitwa hidroksinonenali. Hujibandika kwenye protini na kuziharibu, zikiwemo protini zinazosukuma chembe za sodiamu na zile zinazoingiza glukosi ndani ya seli. Katika ubongo wa waliokufa na Alzheimer, kipande hiki kimekutwa kwa wingi, hasa maeneo ya kumbukumbu.

Kipi kilitangulia?

Mwaka 1901, huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na mwelekeo. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona mambo mawili: mabonge yaliyojaa kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua kwamba mabonge hayo yametengenezwa kwa protini ya beta-amiloidi, na nyuzi hizo kwa protini iitwayo tau.

Kwa muda mrefu watafiti wengi waliuchukulia msongo wa oksidisho kama kitu kinachokuja nyuma: amiloidi inaua seli, na seli zinazokufa zinatoa radikali. Mwaka 2001 kundi la Akio Nunomura, likiwa pamoja na Mark Smith na George Perry, lilipima RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni ndani ya seli, iliyoharibiwa na oksidisho katika ubongo wa wagonjwa wa hatua mbalimbali. Kama dhana ya zamani ingekuwa sahihi, uharibifu ungeongezeka kadiri mabonge yanavyoongezeka. Walikuta kinyume chake. Uharibifu ulikuwa mkubwa zaidi mwanzoni mwa ugonjwa, na ulipungua amiloidi ilipozidi. Kabla ya hapo, kundi hilohilo lilikuwa limeona jambo linalofanana kwa watu wenye hali ya Down. Hao wana kromosomu ya 21 mara tatu, na jeni inayotengeneza protini mama ya amiloidi iko kwenye kromosomu hiyo, ndiyo maana karibu wote huwa na mabonge wakifika miaka 40. Kwao pia uharibifu wa oksidisho ulitangulia mabonge.

Lakini ukiangalia upande wa pili, amiloidi nayo ina lawama yake. Ikishikana na madini ya shaba hutengeneza peroksidi ya hidrojeni. Ikizidi, huziamsha seli za kinga za ubongo, nazo hujibu kwa kumwaga radikali kana kwamba zinapigana na bakteria. Na msongo wa oksidisho, kwa zamu yake, huongeza nguvu ya kimeng'enya kinachoikata amiloidi kutoka kwenye protini mama. Hiki kinakilisha kile, na kile kinarudi kukilisha hiki.

Msimamo wangu, baada ya kuyasoma haya kwa muda mrefu, ni kwamba msongo wa oksidisho ni mshiriki wa tangu mwanzo, ila hatoshi kuitwa chanzo. Zipo familia zinazorithi hitilafu kwenye jeni ya amiloidi na kuugua wakiwa na miaka 40 au 50. Kwao mlango ulifunguliwa na amiloidi. Ipo pia dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ambayo huondoa amiloidi kwenye ubongo. Ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18. Kama amiloidi isingehusika, dawa hiyo isingefanya lolote. Kama amiloidi ingekuwa kila kitu, mgonjwa asingeendelea kudhoofika baada ya kuondolewa. Ilipoanza kuuzwa, bei yake Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, kwa dripu kila wiki mbili, pamoja na vipimo vya MRI, yaani picha za ubongo, vya kuangalia kama ubongo unavimba au kuvuja damu. Nimeitaja ili ieleweke inatufundisha nini. Kuipata ni habari nyingine.

Na asije mtu akasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa aina hii au zinazofanana nayo. Ni kweli kwamba Ibadan, Nigeria, wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa chini ya nusu ya wale waliopatikana kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliotumia njia moja pande zote mbili. Mimi tofauti hiyo inanipa matumaini, kwa sababu inaonyesha kwamba namna watu wanavyoishi huenda ina uzito.

Vidonge vilipopimwa

Vitamini E ndiyo iliyopewa nafasi kubwa kuliko zote. Mwaka 1997, wagonjwa 341 wa hatua ya kati walishiriki jaribio ambalo sehemu yao walipewa yuniti 2,000 kwa siku. Walichelewa kwa miezi kadhaa kufikia hali mbaya, kama kushindwa kujihudumia, lakini alama zao za kumbukumbu hazikuwa bora kuliko za wengine. Mwaka 2005, watu 769 waliokuwa na dalili za awali walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na vitamini E haikuwazuia kuingia kwenye Alzheimer. Mwaka 2014, askari wastaafu 613 wa Marekani wenye ugonjwa tayari walitafitiwa; waliopewa vitamini E peke yake walipoteza uwezo wa shughuli za kila siku kwa kasi ndogo zaidi, kwa asilimia 19 kwa mwaka. Hilo ndilo jibu zuri kuliko yote, na silidharau, kwa sababu kwa anayemhudumia mgonjwa miezi sita ya mzee kuvaa nguo mwenyewe ni kitu kikubwa. Lakini kumbukumbu haikurudi. Mwaka 2017 yakaja majibu ya wanaume zaidi ya 7,500 wenye afya waliomeza vitamini E, madini ya seleniamu, vyote viwili au vidonge visivyo na dawa: hakuna kilichozuia ugonjwa. Ginkgo, mmea unaosifiwa sana kwenye vikopo vya kumbukumbu, ulipimwa kwa zaidi ya watu 3,000 ukatoka mikono mitupu mwaka 2008.

Madhara pia yapo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa majibu mwaka 2011, wanaume waliomeza yuniti 400 za vitamini E kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao. Kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, dozi kubwa ya vitamini hiyo inaweza kusababisha kuvuja damu.

Kwa nini ishindikane, ikiwa majeraha ni ya kweli? Kwanza ni wakati: mabadiliko ndani ya ubongo huanza miaka 10 hadi 20 kabla ya mtu kusahau njia ya nyumbani, na kidonge hukuta seli zimeshakwenda. Pili ni mahali. Radikali huzaliwa ndani ya mitokondria, ndani ya seli ya neva, nyuma ya kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, kinachochuja mno vinavyopita. Na vitamini E iliyokwisha kukata mnyororo hubaki yenyewe ni radikali dhaifu mpaka vitamini C iirudishe. Ukiongeza moja peke yake hujaongeza ulinzi wote.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Michael Ristow waliwafanyisha vijana mazoezi, nusu yao wakimeza vitamini C na E. Waliofanya mazoezi bila vidonge, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi na ikaongeza vimeng'enya vyake vya ulinzi. Waliomeza vidonge walikosa faida hiyo. Misuli inapofanya kazi hutoa radikali kidogo, na radikali hizo ndizo ishara inayouambia mwili ujiimarishe. Kidonge kiliizima ishara.

Presha, sukari, na moshi

Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya magonjwa ya kupoteza kumbukumbu duniani yangezuilika au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Mengi kati ya hayo ndiyo yanayoongeza msongo wa oksidisho. Presha ikiwa juu, kuta za mishipa ya damu zenyewe huzalisha superoksidi. Sukari ikizidi kwenye damu, mitokondria huelemewa na elektroni nyingi zikaponyoka. Kwa hiyo kidonge cha presha kinachotolewa kliniki, ambacho wengi wetu hukiacha siku tunapojisikia vizuri, kinaulinda ubongo kuliko kikopo chochote cha mnadani. Sigara nayo humwingiza mvutaji radikali moja kwa moja kwenye mapafu.

Hewa chafu imo kwenye orodha hiyo. Ushahidi mwingi umetoka kwenye moshi wa magari na viwanda, lakini chembe laini za moshi wa kuni zina ukubwa uleule unaopenya mapafu hadi kwenye damu, na akina mama wa kwetu wanazivuta jikoni kwa miaka 50 au 60.

Hapa siwezi kupita bila kusema jambo. Katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita na Tabora, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi wakituhumiwa uchawi, na macho mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi. Macho yale yalikuwa yamechomwa na moshi wa kuni na wa samadi kavu. Sasa fikiria bibi wa namna hiyo akianza kupotea usiku, akakutwa nje ya nyumba ya jirani asijue amefikaje, akazungumza na mume aliyekwisha kufa, au akamshutumu mkwe wake kwa wizi wa kitu alichokiweka mwenyewe. Hizo ni dalili za Alzheimer zilizoandikwa vitabuni. Bibi anayekutwa uani usiku wa manane akirandaranda ni mgonjwa, na kila kijana wa Kanda ya Ziwa anapaswa kulijua hilo kabla hajasikiliza porojo za mganga wa kupiga ramli.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Wanaokula samaki, mboga za majani na matunda mara kwa mara huonekana kuugua pungufu, ingawa tafiti za namna hiyo haziwezi kuthibitisha kuwa chakula ndicho kilichowalinda. Sato, dagaa waliokaushwa vizuri juu ya kichanja, majani ya kunde na viazi lishe ni vyakula vyema kwa moyo na mishipa hata bila habari za ubongo. Dagaa aliyechacha ameshapoteza sehemu ya omega-3 uliyomnunulia.

Na kabla familia haijatamka Alzheimer, mzee apelekwe kupimwa. Bugando au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure ni mahali pa kuanzia kwa walio mjini. Yapo mambo yanayoiga ugonjwa huu na yanatibika: upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata hata wanaotumia metformin, dawa ya sukari, kwa miaka mingi, tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi pungufu, kaswende ya zamani, VVU, sonona, damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata masikio yasiyosikia, mzee akaonekana haelewi. Bebeni dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, na mwende na yule anayeishi naye, maana daktari atauliza kwanza ilianza lini na kwa kasi gani. Kusahau kulikojengeka kwa miezi na miaka kunaweza kusubiri siku ya kliniki. Lakini mzee aliyekuwa sawa juzi na leo hajui alipo, anaona watu wasiokuwepo, au analala mchana kutwa na kuweweseka usiku, huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo au sukari iliyoshuka. Huyo apelekwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.